Umeme ukikatika, mlango wa ghala unabaki wazi

SWALI: Nina ghala la mafuta ya alizeti Singida mjini. Fundi alinifungia kufuli ya sumaku inayofunguliwa kwa kadi, lakini umeme ukikatika mlango unafunguka. Je, kifaa ni kibovu?

JIBU: Si kibovu. Kufuli ya sumaku hushika pale tu inapopata umeme. Imeundwa hivyo ili watu waweze kutoka moto ukizuka. Unachokosa ni betri. Mwambie fundi aweke pawasaplai yenye chaja na betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 7. Kufuli yenye nguvu ya kushika ya kilo 280 hutumia karibu nusu ampea, hivyo betri mpya itakuvusha kwa saa 10 hivi.

Kwa ghala asimolala mtu, bora zaidi ni kufuli inayobaki imefungwa umeme ukikatika, mradi ndani kuwe na kitasa cha kufungulia kwa mkono, asije mtu akanaswa.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kontrola, yaani kifaa kinachoiamuru kufuli: badilisha namba ya siri ya kiwandani, weka muda wa kufunguka sekunde 5, na ufute kadi ya kila mfanyakazi aliyeondoka. Kontrola ifungwe ndani, nje kibaki kisoma kadi pekee. Mwizi akiking'oa, asizikute nyaya za kufuli.