SOMO LA WIKI: Chombo cha kokoto kwa mboga na samaki, kipi kinarudisha fedha?

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za mahindi na alizeti, tutazame mradi unaomfaa mtu wa Mkonze mwenye uwanja mdogo na mtaji wa kujibana: kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Utaratibu huu huitwa akwaponiki. Pampu ndogo hupandisha maji kutoka kwenye tangi la samaki hadi kwenye chombo chenye kokoto, bakteria wanaoishi kwenye kokoto hizo hugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitrati, mboga hula nitrati, na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafika.

Kwa nini Mkonze? Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Mchicha, figiri na chainizi hupanda bei katika masoko ya Majengo na Sabasaba wakati huo huo ambapo bustani ya kumwagilia kwa ndoo inakufa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, walaji wa mboga hizo wameongezeka. Soko lipo. Kinachowaangusha wengi ni fedha zinazozikwa mwanzoni, na sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye vyombo.

Chombo cha kokoto kina masharti machache. Kiwe na kina cha sentimita 30 hivi. Hicho ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa mboga za kawaida katika kitabu cha FAO cha mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo. Kisitoe sumu. Kivumilie jua. Na kibebe uzito, jambo ambalo wengi hulisahau hadi fremu inapolala chini. Lita 300 za kokoto ni kama kilo 450, na maji yanayojaza nafasi kati ya mawe ni kilo 120 nyingine. Hiyo ni zaidi ya nusu tani juu ya miguu ya mbao.

Sasa tufanye hesabu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake siku anayokwenda kununua.

Tuanze na pipa la plastiki la lita 200. Tuseme ni shilingi 40,000. Ukilipasua kwa urefu unapata nusu mbili, kila moja ikibeba karibu lita 100. Kwa haraka mtu husema amelipa shilingi 200 kwa lita. Lakini kila nusu inahitaji bomba lake la kutolea maji, tuseme 15,000, na fremu yake, 15,000 nyingine. Jumla ni 50,000 kwa lita 100, yaani shilingi 500 kwa lita. Tena nusu pipa ni la mviringo: sentimita 29 za kina unazipata katikati tu, pembeni mizizi inakosa nafasi.

Tangi la mraba la lita 1,000 lenye kizimba cha vyuma, lile linaloletwa na mafuta ya kula au sabuni, tuseme ni 250,000. Linaogopesha kwa bei. Ukikata sentimita 30 za juu unapata chombo cha mboga cha lita 300 hivi, na sehemu ya chini inabaki tangi la samaki la lita 700. Sehemu ya mboga inabeba 75,000 ya bei hiyo. Ongeza bomba moja la 15,000, ni 90,000, sawa na shilingi 300 kwa lita. Usitupe kile kizimba, kwa kuwa plastiki pekee hutanuka ikijazwa. Hesabu hii inasimama iwapo tu utaitumia sehemu ya chini. Kama tayari una simtanki la samaki, faida hiyo haipo.

Cha tatu ni boksi la matofali ya kuchoma lililotandikwa nailoni ya mabwawa. Tuchukue mita 2 kwa mita 1, kina sentimita 30: lita 600. Nailoni mita za mraba 6 kwa 8,000 ni 48,000; matofali 130 kwa 200 ni 26,000; saruji na fundi 40,000; bomba 15,000. Jumla 129,000, yaani shilingi 215 kwa lita. Hakuna kinachoshindana nalo kwa bei. Ila boksi hili linakaa ardhini, kwa hiyo tangi la samaki lazima lichimbiwe chini zaidi ili maji yarudi yenyewe, na mwenye kuchimba udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi atadai haki yake. Pia haliuziki. Mpangaji akihamishwa na mwenye nyumba, matofali yanabaki. Pipa na tangi hupakiwa kwenye guta na kuuzwa kwa mwingine. Kwa maoni yetu, mwenye kiwanja chake ajenge boksi, na mpangaji anunue tangi la mraba hata kama ni kwa kuchangia na jirani.

Mabati yaachwe kabisa. Zinki yake huingia majini na kuua samaki. Kuta za saruji isiyotandikwa nailoni hutoa chokaa na kupandisha pH, wakati mfumo huu unataka kati ya 6 na 7. Zilowekwe na maji yabadilishwe mara nyingi kabla ya kutumika.

Kuhusu vyombo vilivyotumika, mwandishi ana kovu lake. Alinunua mapipa manne yaliyosuguliwa yakang'aa, muuzaji akiapa yalibeba juisi. Jua lilipopasha maji, harufu ikarudi. Siku ya tatu vifaranga vya sato vilikuwa vinaelea, na fedha ya pampu ikageuka fedha ya vifaranga vipya. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 chini ya chombo, na lebo ya awali ikiwa imebaki. Lililobeba dawa ya shamba halisafishiki, hata kwa bei ya bure. Jaza maji ya moto kidogo, funga, kisha unuse kesho yake.

Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi, na sato hupunguza kula maji yakishuka chini ya nyuzi 20. Vyombo vidogo vingi hupoza maji upesi kuliko kimoja kikubwa, nayo ni sababu nyingine ya kutopenda nusu pipa kumi. Funga pampu kwa vipindi virefu zaidi usiku.

Kokoto ziwe za milimita 10 hadi 20. Za itale, jiwe la kawaida la nyanda hizi, zinafaa. Kabla ya kulipia lori, dondoshea siki mawe machache: yakitoa povu yana chokaa, mwambie dereva ageuze.