Kamera Ikipotea kwenye Skrini: Somo kwa Wenye Maduka, Shule na Zahanati

Na Mwandishi Wetu, Afisi ya Habari ya Kaunti

Duka likivunjwa usiku, polisi wakifika huuliza kama kuna kamera. Mara nyingi ipo, imetundikwa juu ya mlango, lakini rekoda ikifunguliwa haina picha ya usiku huo. Kamera ilikatika wiki mbili zilizopita na hakuna aliyetambua.

Kamera za CCTV sasa ni jambo la kawaida katika miji yetu, kuanzia Isebania na Rongo hadi Oyugis na Mbita. Somo hili litakusaidia kutafuta hitilafu kati ya kamera za mtandao na rekoda kabla ya kumlipa fundi. Fuata hatua kwa mpangilio, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichotibu.

Kwanza, elewa njia ya picha

Picha hutoka kwenye kamera, hupita kwenye kebo hadi kwenye swichi au moja kwa moja nyuma ya rekoda, kisha huhifadhiwa kwenye diski. Intaneti haimo katika safari hiyo. Bando likiisha, hutaona picha kwenye simu ukiwa mbali, lakini rekoda huendelea kurekodi. Kwa hiyo, simu isipoonyesha picha, tazama kwanza skrini iliyounganishwa na rekoda yenyewe.

Hatua ya 1: Ni kamera moja au zote?

Zikipotea zote kwa pamoja, usipande ngazi. Kagua stima, swichi, na kebo inayounganisha swichi na rekoda. Ikipotea moja tu, shida iko kwenye kamera hiyo, kebo yake au tundu lake.

Hatua ya 2: Tazama taa ndogo

Matundu mengi ya swichi yana taa ndogo inayowaka au kumetameta kamera inapowasiliana. Isipowaka, chomoa kebo ya kamera hiyo na uiingize kwenye tundu la kamera inayofanya kazi. Picha ikirudi, tundu la kwanza limeharibika. Isiporudi, teremsha kamera na uiunganishe kando ya rekoda kwa kebo fupi unayojua ni nzima. Ikifanya kazi hapo, kebo ndefu ndiyo mbovu. Isipofanya, kamera yenyewe ndiyo ya kukaguliwa.

Kebo ya mtandao ya shaba imepangiwa umbali usiozidi mita 100. Panya, maji kwenye viungio na plagi zilizobanwa vibaya ni maadui wa kila siku. Epuka pia kebo za bei rahisi zenye alumini iliyopakwa shaba juu, kwa sababu hupoteza umeme mwingi njiani.

Hatua ya 3: Kamera inayopotea usiku tu

Kamera ikionyesha vizuri mchana na kukatika giza likiingia, shuku umeme. Usiku huwasha taa zake za kuonea gizani na kuhitaji nguvu zaidi. Chukua mfano wa swichi yenye uwezo wa wati 60 inayolisha kamera 8. Kila moja ikitumia wati 5 mchana, jumla ni wati 40, na hakuna shida. Zikipanda hadi wati 8 usiku, jumla ni wati 64, na swichi italazimika kuiacha moja. Hapo kununua kamera mpya hakutasaidia. Punguza mzigo au tafuta swichi yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 4: Anwani ya IP

Taa ikiwaka lakini picha haiji, kagua anwani. Kila kifaa kwenye mtandao kina nambari yake. Katika mtandao mdogo wa kawaida, mafungu matatu ya kwanza hufanana na la mwisho hutofautiana. Rekoda ikiwa 192.168.1.10, kamera inaweza kuwa 192.168.1.21 na nyingine 192.168.1.22. Kamera mbili zikipewa nambari moja zitagombana, na picha itakuja na kupotea.

Stima ikipotea na kurudi, rauta inaweza kuipa kamera nambari mpya huku rekoda ikiitafuta ya zamani. Tiba ni kuipa kila kamera anwani ya kudumu, nje ya zile zinazogawiwa na rauta. Kamera zilizochomekwa moja kwa moja nyuma ya rekoda kwa kawaida hupangiwa anwani na rekoda yenyewe.

Hatua ya 5: Nenosiri

Rekoda ikiiona kamera lakini ikikataa kuionyesha, huenda nenosiri la kamera lilibadilishwa na rekoda haikuarifiwa. Liandike upya kwa uangalifu. Ukikosea mara nyingi, baadhi ya kamera hujifunga kwa muda.

Picha iko, lakini je, inarekodiwa?

Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 hujaza takriban gigabaiti 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 6 kwisha, kisha rekodi za zamani hufutwa. Tukio likitokea, nakili picha siku hiyo hiyo na upige ripoti polisi upate nambari ya OB. Hakikisha pia saa ya rekoda ni sahihi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti, na saa isiyo sahihi huzua maswali mahakamani.

Radi na usalama

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Weka vifaa vya kuzuia mshtuko wa umeme na waya wa ardhini, na usiguse kebo za nje mvua ya radi ikinyesha. Zima stima kabla ya kufungua kifaa chochote.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Wajulishe wateja kwa bango kwamba wanarekodiwa, na usiielekeze kamera chooni, mahali pa kubadilishia nguo au chumba cha matibabu.

Zoezi la wiki hii

1. Chora ramani ya kamera zako kwenye karatasi, na uandike tundu na anwani ya kila moja.
2. Kila Jumatatu, cheza dakika moja ya rekodi ya Jumamosi usiku kwa kila kamera. Picha ya moja kwa moja pekee haitoshi.
3. Linganisha saa ya rekoda na saa ya simu yako.

Kazi hii haizidi dakika 15. Fundi akihitajika, mpe karatasi hiyo na umweleze hatua ulizokwisha kujaribu.