Tui Ruksa, Mtindi Hapana: Maswali kuhusu Mila za Wayahudi

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la jikoni: mgeni Myahudi anakula nini? Jibu lake ni refu kidogo, lakini mpishi wa pwani hulielewa upesi, kwa sababu yeye huunga kwa tui la nazi kuliko maziwa ya ng'ombe. Faida yake tutaiona sasa hivi.

Sheria za chakula cha Kiyahudi, kinachoitwa kosheri, chimbuko lake ni Torati. Mnyama wa kuliwa sharti awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, yote mawili. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wamepita. Nguruwe kwato zake zimepasuka ila hacheui. Ngamia anacheua, lakini unyayo wake hauhesabiwi kuwa kwato iliyopasuka, hivyo nyama inayosifika Garissa ni mwiko kwa Myahudi. Samaki naye awe na mapezi na magamba. Changu, sato na sangara hawana neno. Kambare hana magamba, basi tena. Kamba, kaa, pweza na ngisi hawaingii kabisa, hata uwapike kwa ufundi gani.

Kisha kuna suala la nyama na maziwa. Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi wakaipanua amri hiyo mpaka ikafika kabatini: katika nyumba ya mshika dini, sufuria na sahani za nyama ziko mbali na za maziwa. Aliyekula nyama hasogezi chai ya maziwa mpaka muda upite. Wengi hungoja saa sita nzima, wenye asili ya Ujerumani hungoja tatu, wa Uholanzi moja. Kwa hiyo biriani iliyoungwa kwa mtindi imeshajifunga yenyewe. Wali wa nazi na mchuzi wa nyama wenye tui zito je? Kwa upande huu ruksa, maana nazi ni tunda na haina uhusiano na ng'ombe.

Lakini usishangilie mapema. Nyama hiyo lazima iwe imechinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi aliyesomea kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, kisha ikalowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke. Waislamu wengi hula nyama ya kosheri bila wasiwasi. Myahudi mshika dini hawezi kuilipa fadhila hiyo kwa kula ya halali kutoka bucha la mtaani. Hata sufuria iliyopika kamba jana haimfai leo. Ushauri wangu: usijikalifishe. Mwekee ndizi, maembe mazima, soda na sahani mpya za karatasi, uone atakavyoshukuru. Na muulize kabla hujawasha jiko, kwa kuwa Wayahudi wasiofuata haya ni wengi mno. Usije ukamnyima pweza mtu aliyemfuata pweza huyo kutoka ng'ambo.

Myahudi na Mwisraeli ni kitu kimoja? Hapana, ingawa magazeti yetu huyachanganya maneno hayo kila siku. Mwisraeli ni raia wa nchi ya Israeli, na takriban mmoja kati ya raia watano wa nchi hiyo ni Mwarabu. Myahudi, kwa sheria ya jadi, ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia dini kwa utaratibu wake, awe raia wa nchi yoyote. Lubumbashi kuna sinagogi lililojengwa mwaka 1930 na Wayahudi waliohamia kutoka kisiwa cha Rhodes, na baba yake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitoka kisiwa hicho. Nairobi jumuiya ya Kiyahudi ipo tangu 1904, mwaka mmoja baada ya Uingereza kupendekeza Wayahudi wapewe ardhi ya Uasin Gishu, pendekezo ambalo wao wenyewe walilikataa mwaka 1905.

Mfano unaonigusa zaidi uko Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliisoma Biblia mwenyewe, akaamua kufuata Torati, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake wanaitwa Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao. Wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kusali kwa kujificha. Leo wana rabi mzaliwa wa kwao, Gershom Sizomu, na mwaka 2004 waliunda na majirani zao Waislamu na Wakristo ushirika wa kahawa unaoitwa Mirembe Kawomera.

Kwenye hesabu ya siku Mswahili atatabasamu. Kwetu Jumamosi ni siku ya kwanza. Kwao ni ya saba, na Jumapili yetu ndiyo wanayoiita siku ya kwanza. Hata hivyo siku yao huanza jua linapozama, sawasawa na hesabu ya wazee wetu, ambao kwao usiku wa Jumatatu ndio unaoutangulia mchana wake. Ukisikia Myahudi akihesabu *shesh*, *sheva*, *tesha*, utazitambua sita, saba na tisa, kwa kuwa sisi tumezitoa katika Kiarabu, nacho ni ndugu wa Kiebrania.

Basi Sabato huingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Nairobi, karibu na ikweta, saa hazibadiliki sana mwaka mzima. London mwezi Desemba huingia kabla ya saa kumi alasiri. Ndani ya muda huo mshika dini haendeshi gari, haandiki, hapiki, hagusi simu. Kazi zilizokatazwa zimepangwa mafungu 39. Chakula hupikwa Ijumaa na kuachwa kwenye moto mdogo. Ila uhai ukiwa hatarini, marufuku yote huondoka: ataendesha gari kumkimbiza mgonjwa hospitalini.

Ukialikwa sinagogini, mwanamume afunike kichwa, na kofia yako ya viua inatosha. Beba kitambulisho, kwa sababu ulinzi mlangoni huwa mkali. Jumamosi usipige picha. Kwa Wayahudi Waorthodoksi, yaani washika dini hasa, mwanamume asimtangulizie mwanamke mkono, wala mwanamke asimtangulizie mwanamume.

Msiba wao utakuwa mwepesi kwako kuuelewa. Maiti huoshwa, huvikwa sanda nyeupe ya kawaida na kuzikwa haraka, mara nyingi ndani ya siku moja. Kisha wafiwa wa karibu hukaa nyumbani siku saba, kwenye viti vya chini, nao hawapiki. Majirani ndio huleta chakula. Mlango huachwa wazi, kwa hiyo ingia bila kubisha, keti, na usianze mazungumzo mpaka mfiwa aseme kwanza. Maua usipeleke. Siku utakayozuru kaburi, okota kijiwe ukiweke juu yake.