Buluu au Kijivu: Rangi ya Nyumba Jirani na Hifadhi

Anayechagua rangi kati ya buluu na kijivu kwa kawaida hutazama uzuri na bei. Katika vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kama Robanda, lipo jambo la tatu: mbung'o. Mdudu huyu hutafuta damu mchana, kwa macho na kwa harufu, naye huvutwa mno na buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwamo, walipatwa na malale.

Kwa hiyo ukuta wa nje na baraza, wanapoketi watu mchana, vinafaa kijivu. Ndani hali ni nyingine. Mbung'o makazi yake ni vichakani, na kijivu katika chumba chenye dirisha dogo hufifia kikaonekana kiza. Buluu iliyochanganywa na nyeupe nyingi yafaa zaidi. Mwenye shaka apake vibao viwili, avitazame asubuhi na jioni.

Wachungaji nao watangulize shati kabla ya ukuta: la buluu iliyokoza libaki nyumbani. Apatwaye na homa baada ya kung'atwa awahi zahanati, aeleze alikochunga.