Uga wa Umeme Baina ya Wingu na Ardhi

Katika Fizikia liko swali linalowashinda wengi wetu. Chaji chanya na chaji hasi zilizo sawa zikiwekwa mbali kidogo, je, katikati yake uga wa umeme huwa sifuri? Wengi hujibu kwamba chanya na hasi hufutana. Jibu hilo si sahihi, nami nitaeleza sababu yake.

Uga wa umeme ni mahali pote ambapo chaji ikiwekwa husukumwa au huvutwa. Mwelekeo wake ni ule ambao chaji chanya ndogo ingesukumwa kuufuata. Basi na tuiweke chaji hiyo ndogo katikati. Chaji chanya inaisukuma iende upande wa hasi, na chaji hasi inaivuta ije kwake. Njia ni moja, kama watu wawili wenye mkokoteni, mmoja akivuta mbele na mwenziwe akisukuma nyuma. Kwa hiyo uga wa katikati ni mara mbili ya ule ambao chaji moja ingeuleta peke yake. Sifuri hupatikana katikati ya chaji mbili sawa za aina moja.

Jambo hili latuhusu sana hapa Nakapanya, hasa katika miezi ya mvua, tangu Desemba hata Aprili. Upande wa chini wa wingu la radi kwa kawaida huwa na chaji hasi. Chaji hiyo hufukuza elektroni za ardhini, na uso wa ardhi ulio chini ya wingu hubaki na chaji chanya. Hapo nyuga mbili husaidiana, nasi tupo katikati yake. Hewa ya kawaida huweza kuzuia umeme mpaka kiasi cha volti 3,000,000 kwa mita. Ikizidi, hupasuka ikaupitisha.

Penye kimo na ncha uga huwa mkali zaidi. Ndiyo sababu radi hupiga mara nyingi miti mirefu, na ndiyo sababu Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, alishauri nyumba ziwekewe ufito wa chuma uliounganishwa na ardhi.

Wako wasemao radi hutumwa na jirani mwenye chuki. Tusimshutumu mtu bure. Wingu na ardhi vyatosha kuileta.

Basi, ndugu zangu, ngurumo zikisikika tusijikinge mvua chini ya mwembe wala mkorosho. Tuache mpira, tuingie katika nyumba imara, tungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.