Chaji kontrola ya kujitengenezea

Swali: Fundi, nina paneli ya wati 20 na betri ya pikipiki ya volti 12. Naweza kuunga chaji kontrola mwenyewe?

Jibu: Unaweza, ila anza na fyuzi. Iweke karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwani hata betri ndogo ikipiga shoti huunguza waya.

Paneli ya “volti 12” isipokuwa na mzigo hutoa karibu volti 21, kwa hiyo usiiache imeungwa moja kwa moja. Saketi rahisi ni relei inayoongozwa na IC ya 555, yenye rezista mbili za kurekebisha: betri ya asidi ikifika volti 14.4 paneli inakatwa, ikishuka hadi 13 hivi inaunganishwa tena. Pengo hilo ndilo roho ya saketi; likiwa dogo mno, relei itagonga mchana kutwa hadi ife. IC ipitishie umeme kwenye 7805, ipate volti 5 zisizoyumba.

Usiku betri isirudishe umeme kwenye paneli: weka dayodi ya Schottky ya ampea 3.

Betri ya lithiamu? Hapana, nunua kontrola yake.