Mafunzo ya Watoto Wakati wa Mvua za Vuli

Katika nchi za Ulaya, ifikapo Oktoba, majani ya miti hugeuka rangi yakapukutika, na watoto huyaokota ili wajifunze habari za miti. Katika Kitui na Makueni mambo ni kinyume. Miti kama mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majira ya vuli huwa imevaa majani mapya. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa huko. Basi huo ndio wakati mwema wa kuwafundisha watoto nje ya nyumba.

Kazi ya kwanza ni kupima mvua. Mtoto atwae mkebe ulionyoka ubavu, auweke mahali peupe, mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi apime kina cha maji kwa rula, aandike katika daftari, kisha ayamwage. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo nyumba iliyoezekwa mita 30 za mraba, ikinyeshewa milimita 20, paa lake hupokea lita 600. Hapo mtoto atafahamu mwenyewe faida ya mfereji na tangi.

Kazi ya pili ni kuokota kokwa za mti uitwao mukau kwa Kikamba, ambao mbao zake haziliwi upesi na mchwa. Mbuzi hula matunda yake, na kokwa hubaki zizini. Kokwa hizo ni ngumu mno, ndiyo sababu mbegu hazioti kwa urahisi. Mtu mzima azipasue kwa uangalifu, atoe mbegu zilizomo, ayakate kidogo maganda yake, kisha aziloweke kabla ya kuzipanda. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, yenye kituo Kitui, imeshughulika sana na mti huu.

Lakini wazazi waangalie jambo moja. Mito kama Tiva na Kaiti huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na watoto huizoea. Mvua ikinyesha mbali vilimani, mafuriko huweza kufika ghafula hali jua linawaka. Mtoto asicheze mtoni majira haya. Akisikia mngurumo, apande ukingoni mara moja, wala asirudi kuchukua mtungi. Mtungi hununuliwa, mtoto hanunuliwi.